Siku Sita na Mwonja Mvinyo: Alba hadi Montalcino

Jumapili. Malpensa – Alba

Mimi ni dereva, mtu wa Wete, Pemba, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja Bergamo, Italia. Mvinyo sinywi, na hiyo ndiyo sifa iliyonipatia kazi hii. Bosi alisema siku sita za kuzunguka maghala ya mvinyo zinataka dereva ambaye jioni atarudi na akili zake zote.

Mgeni nilimpokea uwanja wa ndege wa Malpensa saa saba mchana. Bibi wa miaka kama sabini, mfupi, koti la sufi, sanduku dogo. Mwenyewe ni Mtaliano aliyehamia nje zamani, na kazi yake ni kuonja mivinyo ya kwao na kuipa alama. Kiitaliano hakina shikamoo, lakini kina *Lei*, ile "wewe" ya kumtolea mtu heshima. Nikamwamkia kwa hiyo, nikamfungulia mlango. Hakuingia. Alisimama akanusa mara mbili, kama paka aliyefika jikoni, akauliza: "Hiki ni nini?"

Kilikuwa udi. Shati nilikuwa nimelifukiza asubuhi, kama ilivyo ada mtu akienda kupokea mgeni. Halafu kuna kifuko changu cha karafuu kinachokaa karibu na gia kuondoa harufu ya gari. "Nzuri sana," akasema, "lakini siku sita hizi, hapana." Karafuu zikaenda kwenye buti ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Sisi tukaenda hadi Casale Monferrato madirisha wazi, nje digrii mbili, meno yananigongana.

Njiani akanisomea masharti: hapana manukato, hapana kitunguu thaumu, kahawa mwisho saa moja kabla ya kazi. Nikamuuliza hizo alama hutolewaje. Akasema zipo za kila aina. Mmarekani Robert Parker, mwanasheria, alianzisha jarida lake mwaka 1978 na kueneza mtindo wa alama 100, kama mitihani ya skuli za kwao. Ila zinaanzia 50. Rangi ina hadi 5, harufu 15, ladha na kile kinachobaki mdomoni 20, halafu 10 za ubora wa jumla na uwezo wa kuzeeka vizuri.

"Kwa hiyo mvinyo ukifika mezani tu umeshapata 50?"

"Tayari."

Kwetu hiyo ingeitwa bahashishi. Akacheka, akasema vita vyenyewe viko kati ya 88 na 100, chini ya hapo hakuna duka linalobandika alama.

Wapo wanaotumia 20, kama Mwingereza Jancis Robinson. Waitaliano nao wana bilauri. Gambero Rosso ilianza mwaka 1986 ikiwa nyongeza ndani ya *il manifesto*, gazeti la kikomunisti (jambo hili lilinifurahisha mpaka Asti), na mwaka uliofuata ikatoa kitabu chake cha kwanza cha kupanga mivinyo. Mvinyo hupewa bilauri moja, mbili au tatu. *Tre Bicchieri*, bilauri tatu, ndiyo ndoto ya kila mkulima. Unaofika fainali ukakosa hupewa bilauri mbili zilizotiwa rangi nyekundu, ili ijulikane kwamba ulikaribia. Hilo nililielewa bila maelezo. Hata mpirani kushindwa kwa penalti si sawa na kufungwa sita.

Tuliingia Alba magharibi. Nilipofungua mlango pua yangu ikapokewa na chokoleti na njugu za kukaanga, mji mzima. Ni kiwanda cha Ferrero, kile cha Nutella. Nikamuuliza Signora, ndivyo nilivyomwita bibi yule, mbona hii haimkeri. "Hii," akasema, "haiendeshi gari langu."

Jumatatu. Alba

Nilidhani nitakaa garini. Lakini Signora ana baridi yabisi, na kwa baridi ile vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba. Akaniomba niingie nimwandikie. Basi mimi, mtoto wa Kiislamu wa Wete, nikakaa nyuma ya meza yenye chupa 48 za Barolo, mvinyo mwekundu wa huko, na daftari mapajani.

Chupa zote zilivishwa soksi nyeusi shingoni hadi chini, kila moja na namba. Hakuna kuona jina wala karatasi ya chupa. Kijana wa kumimina alivaa suti na kusema maneno matatu asubuhi nzima. Mezani palikuwa na maji, vijiti vya mkate mkavu visivyo na kitu, na tasa la kutemea. Tasa lile lilinikumbusha bibi yangu na tambuu yake, ila bibi yangu alitema kwa madaha zaidi.

Nieleze chupa moja tu, namba 7, maana nyingine zilipita kwa mtindo ule ule.

Kwanza macho. Aliinamisha bilauri juu ya karatasi nyeupe mpaka mvinyo ukatandaa. Pale ukingoni, unapokuwa mwembamba, Waitaliano wanapaita *unghia*, yaani ukucha. Ukucha wa namba 7 ulikuwa na rangi ya matofali ya kuchoma. Barolo hutengenezwa kwa zabibu moja tu, Nebbiolo, na rangi yake huwa hafifu hata ukiwa kijana. Ukiona Barolo mweusi kama zambarau, alisema, anza kuuliza maswali.

Kisha pua. Alinusa kabla ya kutikisa, akatulia, akazungusha bilauri, akanusa tena. "Andika: waridi lililonyauka. Lami."

Nikainua kichwa. Lami?

"Lami ya barabarani. Andika."

Kumbe Nebbiolo huelezwa hivyo tangu zamani, waridi na lami, na wala si matusi. Akanisogezea bilauri ninuse. Kunusa si kunywa, nikanusa. Wallahi ilikuwapo. Sio lami ya juani. Ni ile ya asubuhi, pipa limeanza kupata moto na wafanyakazi bado wanakunywa chai.

Mwisho mdomo. Alifyonza na hewa kwa kelele, kama mtu anayekunywa uji wa moto, akausukuma huku na huku mashavuni, akatema. Halafu akakaa kimya, kidole kikigonga meza taratibu. Alikuwa anahesabu sekunde ambazo ladha inabaki baada ya mvinyo wenyewe kuondoka. Kwa namba 7 kidole kiligonga mara kumi na nne.

Neno lililonipa taabu lilikuwa *tannino*. Alihangaika kunifafanulia: kitu kinachotoka kwenye ganda na kokwa, kinachokausha ulimi. Nikamwambia huo ni ukakasi, kwetu tunaupata kwenye bibo la korosho. Ikabidi nimchoree bibo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Akalitazama sana, akauliza: "Bichi au bivu?"

Swali lile ndilo lililonifanya nimheshimu. Ukakasi wa bibo bichi unakwaruza ufizi na kukukunja uso. Wa bibo lililoiva unashika ulimi kisha unaachia, na nyuma yake unakuta utamu. Wingi wake unaweza kuwa sawasawa, kinachotofautiana ni tabia. Signora akasema hapo ndipo nusu ya hukumu ya Barolo ilipo, kwa sababu ukakasi utakuwapo tu. Kuanzia namba 8 akawa ananisomea "bibo bichi" na "bibo bivu" kwa Kiswahili chake kibovu, na yule kijana wa suti anatutumbulia macho.

Namba 22 aliinusa akanipa mimi bila kusema kitu. Nikamwambia: godauni, magunia yaliyolowa, yakakauka, yakalowa tena. Ndiyo, ni maradhi ya kizibo. Kuna kemikali inayozaliwa kwenye magome ya kizibo na chembe zake chache tu zinatosha kuua harufu ya matunda chupa nzima. Chupa kama hiyo haipewi alama, inaombwa pacha wake.

Baada ya namba 48 akamwambia kijana avue soksi ya 12 na ya 37. Chupa ilikuwa moja. Yeye mwenyewe alikuwa amemwagiza aifiche mara mbili. Mimi niliyeshika daftari nilishaona: 12 ilipata 93, na 37 ikapata 89.

Nilitegemea aone haya. Aliangalia zile namba kama mtu anayeangalia mizani yake mwenyewe, akasema, "Nne. Mwaka jana zilikuwa tatu." Kisha akanisimulia habari ya Robert Hodgson, Mmarekani mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo California, ambaye kwenye mashindano ya jimbo aliwawekea majaji mvinyo mmoja, kutoka chupa moja, mara tatu kati ya mingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Majaji walioweza kuuweka kwenye daraja moja la medali mara zote tatu walikuwa kama mmoja katika kila kumi. "Asubuhi ulimi ni kijana," Signora akasema, "saa sita umezeeka." Namba 37 ilikuwa imetanguliwa na chupa kali ya kijiji cha Serralunga, ikaonekana nyepesi.

Nikamuuliza kwa nini asijaze ile fomu ya mashindano ya kimataifa, ambayo kijana alikuwa nayo mezani: uangavu wa mvinyo machoni alama 5, rangi 10, usafi wa harufu 6, nguvu yake 8, ubora wake 16, na kuendelea mpaka 100. Akasema mtu humjui kwa kujumlisha pua na masikio. Yeye huandika maneno kwanza, namba huja mwisho, na mara nyingine namba hugoma kuja.

Jumanne. La Morra, Monforte

Ukungu mzito, nikaendesha mwendo wa jeneza. Wengine wanasema hata jina Nebbiolo limetokana na *nebbia*, ukungu.

Ghala la pili tuliloingia lilikuwa na mapipa ya aina mbili. Upande mmoja makubwa kama chumba, maelfu ya lita. Upande wa pili vipipa vya lita 225, mwaloni wa Ufaransa, vimepangwa kama wanafunzi mstarini. Mwenye ghala akatoa mvinyo kwenye kipipa, Signora akanusa, akanipa. Sikuhitaji hata kufikiri.

"Karafuu."

Mwenye ghala akafurahi, akadhani nimemsifu. Signora akaninong'oneza kwamba harufu ile haikutoka kwenye zabibu. Kipipa kipya huchomwa moto ndani, na mbao za mwaloni zikachomwa hutoa kitu kile kile kinachoipa karafuu harufu yake. Pamoja nacho huja vanila. Kipipa kikishatumika miaka michache harufu hiyo inaisha, na pipa kubwa la zamani halitoi karibu kitu.

Hapo nikasikia kisa cha Elio Altare wa La Morra, ambaye mwaka 1983 aliingia na msumeno wa injini kwenye ghala la baba yake akakata mapipa makubwa ya ukoo ili aweke vipipa vya Kifaransa. Baba akamkatia urithi. Vijana wenzake wakamfuata, na mivinyo yao, iliyolainika mapema na yenye rangi iliyokolea, ikapendwa mno na waonjaji wa Marekani miaka ya 1990. Alama zikapanda, bei zikafuata. Upande wa pili wazee kama Bartolo Mascarello walikataa katakata. Huyo Mascarello aliandika kwenye karatasi ya chupa yake kwa mkono: *No barrique, no Berlusconi*. Barrique ndivyo vile vipipa vya Kifaransa, na Berlusconi yule mwanasiasa.

Signora alikiri kwamba yeye pia zamani hizo aliwapa alama nyingi wenye vipipa. "Kila mtu alikuwa anapenda karafuu," akasema, "wakati huo."

Nilikaa kimya mpaka Monforte. Marehemu baba yangu alikuwa na mikarafuu thelathini na kitu. Msimu ukifika tulianika majamvini mbele ya nyumba, mvua ikitishia tunakimbia kuanua, kisha tunachambua makonyo mpaka vidole vinawaka. Halafu gunia linakwenda kituoni. Mpimaji anazamisha mkono mpaka kiwiko, anatoa konzi, anachagua moja, anaibana kwa ukucha kuona kama mafuta yanatoka, ananusa, anasema: daraja la pili. Sekunde ishirini, kazi ya miezi mitatu. Baba hakuwahi kubishana naye pale. Njiani kurudi ndipo alipokuwa anasema, ile moja aliyoichagua ilikuwa ya mti wa karibu na kisima.

Nilimsimulia Signora jioni. Akauliza kama mpimaji alikuwa amekosea. Nikamwambia sijui, mara nyingine baba alikuwa na haraka ya kuanua.

Jumatano. Alba – Bolgheri

Siku nzima barabarani: Asti, Genova, mahandaki ya Liguria yasiyokwisha, Pisa, Livorno. Signora alilala mpaka La Spezia.

Bolgheri inaingiliwa kwa njia iliyonyooka karibu kilomita tano, miberoshi pande zote mbili. Mwanzoni mwa njia hiyo ndipo lilipo eneo la San Guido, nyumbani kwa mvinyo wa Sassicaia. Hatukuingia. Alitaka tu nione palipotokea ule mkasa.

Mkasa wenyewe ni huu. Sheria ya mwaka 1963 ilipanga mivinyo ya Italia kwa vyeo, na cheo kinafuata mahali na aina ya zabibu. Cheo cha juu zaidi, DOCG, kina kamati yake ya kuonja kabla mvinyo haujauzwa, na kila chupa hubandikwa shingoni utepe wa serikali wenye namba. Sasa bwana Mario Incisa della Rocchetta alipanda Cabernet, zabibu ya Kifaransa, mahali ambapo hakuna aliyetegemea. Mavuno ya kwanza kuuzwa yalikuwa ya mwaka 1968. Kisheria ulikuwa *vino da tavola*, mvinyo wa mezani, cheo cha mwisho kabisa, jina moja na ule unaouzwa kwa dumu. Mwaka 1978 jarida la Decanter la London likapanga Cabernet za dunia, na Sassicaia ya 1972 ikashika nafasi ya kwanza. Mavuno ya 1985 Parker akayapa 100 kamili. Na huku nyumbani bado ni mvinyo wa mezani! Serikali ilichukua mpaka miaka ya 1990 kuupatia cheo, na leo shamba lile lina cheo cha jina lake peke yake.

"Kwa hiyo mara ile waonjaji walikuwa sahihi na sheria ikawa nyuma," nikasema.

"Mara ile," akajibu.

Alhamisi. Montalcino

Mji uko juu ya kilima na magari yanaachwa nje. Kwenye kuta za manispaa kuna vigae vya rangi, kila mwaka kimoja tangu mavuno ya 1992, na kwa miaka mingi vilitiwa nyota moja hadi tano za mavuno ya mwaka huo. Mwaka 2002 ulipata mbili. Mwaka 2010 tano. Kichekesho ni kwamba nyota zilikuwa zikitolewa miezi michache tu baada ya kuvuna, na Brunello, mvinyo wa mji huu, hairuhusiwi kuuzwa kabla ya tarehe 1 Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Ilikuwa kama kumpa mtoto cheti cha ndoa siku ya arubaini yake.

Asubuhi tulionja chupa 36. Nasema tulionja, maana nishazoea. Hapa zabibu ni Sangiovese peke yake, asilimia 100, na sheria haina mchezo. Mwaka 2008 palikuwa na uchunguzi mkubwa kwa tuhuma kwamba baadhi walichanganya zabibu nyingine kuukoleza rangi, na watengenezaji wakapiga kura kubaki na Sangiovese tupu. Signora akasema uchu wa rangi ile ulitoka wapi? Ulitoka kwenye alama. Hakusema alama za nani.

Halafu akanieleza habari za Giulio Gambelli, aliyefariki mwaka 2012. Fundi wa kuonja, hakuwa na shahada yoyote ya mvinyo. Alifundishwa akiwa kijana na Tancredi Biondi Santi, ambaye ukoo wake ndio ulioanzisha Brunello. Watu walimwita Bicchierino, kibilauri. Walikuwa wakimletea mvinyo naye anawaambia kama ndani yake mna kitu kisicho Sangiovese. Namba hakuandika.

Chupa ya 31 ilitukwamisha. Signora aliinusa mara nne. Cheri, majani makavu, udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Akanipa. Nikasema karafuu ipo, lakini kwa mbali, kama iliyopita dirishani kwa jirani. Akasema ndiyo, lakini ukakasi? Akaonja tena. "Bibo lililoiva upande mmoja." Nikaandika hivyo hivyo. Mahali pa namba akaniambia niache wazi.

Ijumaa. Montalcino – Firenze

Vidole vilikuwa vimepungua, akawa anasahihisha daftari mwenyewe kwenye kiti cha nyuma. Karibu na Siena akaniomba nisimame, nifungue buti nimletee karafuu moja. Akaibana kwa ukucha, akanusa, akaitia mfukoni mwa koti.

Uwanja wa ndege wa Firenze hapaegeshwi zaidi ya dakika chache. Nikamtolea sanduku. Yeye bado amekaa, daftari wazi.

"Ile 31. Wewe ungeipa ngapi?"

"Signora, mimi dereva."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Nyuma yetu teksi ikapiga honi. Nikamwambia: daraja la kwanza, ila mchambuaji aliacha makonyo machache.

Akaandika 92. Akaitazama, akaikata, akaandika 91, na teksi ikapiga honi tena.